Njia ya Matembezi Kando ya Mto, na Kazi Iliyofichwa Chini Yake

Mto Honi hutoka katika milima ya Nyandarua, hupita ndani ya msitu wenye ndovu na nyati, kisha huteremka mpaka Mweiga. Watu wa hapo huujua tangu utoto wao. Ng'ombe hunywa humo. Kabichi, viazi na vitunguu hunyweshwa kwa maji yake. Na kiangazi kikizidi katika nchi ya Kieni, maji hayo huwa shauri la kuamuliwa na wazee. Basi ukimwambia mkulima wa Mweiga kwamba ziko nchi ambako watu huvaa nguo zao nzuri siku ya Jumapili wakaenda mtoni, si kuteka maji wala kunywesha mifugo, bali kutembea tu na kuyatazama maji yakipita, huenda akacheka. Mto ni mahali pa kazi. Nani aende mtoni mikono mitupu?

Hata hivyo njia za matembezi za namna hiyo ziko, na si chache. Moja iko London, na sifa zake zimeenea ulimwenguni. Nyingine, iliyo fupi na changa, iko Nairobi, si mbali na mahali ambapo magari ya kutoka Nyeri hushusha abiria. Wengi wa Mweiga wamepita karibu na hii ya pili wakiwa na mizigo yao, wala hawakugeuka kuitazama. Habari za njia hizi mbili zafaa kusomwa pamoja, kwa sababu ile ya London ina jambo lililofichwa chini yake, na jambo hilo ndilo linaloeleza kwa nini ile ya Nairobi imetaabika hata leo.

UZURI ULIO JUU

Njia ya London huitwa Victoria Embankment. Huanzia penye daraja la Westminster, karibu na Nyumba ya Bunge, ikafuata ukingo wa kaskazini wa Mto Thames mpaka daraja la Blackfriars, mwendo wa maili moja na robo. Upande wa maji kuna ukuta mnene wa mawe magumu. Upande wa pili kuna bustani. Katikati ni barabara pana ya magari, na njia za miguu chini ya miti mirefu. Taa zimesimamishwa juu ya ukuta, na kila nguzo imezungukwa na sanamu za samaki wakubwa waliojikunja. Viti vingine vina sanamu za ngamia waliopiga magoti.

Ngamia hao wamewekwa kwa sababu ya mgeni mmoja asimamaye hapo. Ni nguzo ya jiwe moja kutoka Misri, yenye urefu wa futi 68 hivi, iliyochongwa katika zama za Mafarao miaka 3,400 na zaidi iliyopita. Mtawala wa Misri aliwapa Waingereza nguzo hiyo mwaka 1819, nao wakaiacha mchangani muda wa miaka karibu 60 kwa kuwa gharama ya kuisafirisha iliwatisha. Mwaka 1877 ilitiwa katika chombo cha chuma mfano wa bomba kubwa, kikafungwa nyuma ya meli. Dhoruba ikawapata njiani, mabaharia sita wakafa maji, na chombo chenyewe kilidhaniwa kuwa kimepotea. Kilionekana baadaye kikielea peke yake. Nguzo ikasimamishwa kando ya Thames mwaka 1878, na hata leo wazee huketi chini yake wakala mkate wao wa mchana bila kuwakumbuka mabaharia wale.

Mgeni apitaye hapo huona uzuri tu: mto mpana, mashua, madaraja, majani. Lakini chini ya miguu yake hupita treni. Na kati ya treni na mto hupita kitu kingine, ambacho hakuna apendaye kukitaja wakati wa chakula: maji ya vyoo vya sehemu ya mji.

MJI ULIOKUNYWA UCHAFU WAKE

Katika mwaka 1801 London ilikuwa na watu karibu milioni moja. Kufikia mwaka 1851 walikuwa zaidi ya milioni mbili na laki tatu. Zamani kila nyumba ilikuwa na shimo lake la choo, na watu wa kuzoa usiku walikuja kuzoa mavi na kuwauzia wakulima wa nje ya mji kwa mbolea. Kisha vyoo vya kumwagia maji vikaenea. Vilisifiwa kuwa ni vya kistaarabu, nao waliokuwa navyo walijiona wameendelea. Lakini maji yale yalijaza mashimo upesi, ikabidi yaelekezwe katika mifereji iliyochimbwa kwa ajili ya mvua tu. Mifereji hiyo yote ilimwagika katika Thames. Na kampuni za maji ya kunywa, nyingine zao, zilikuwa zikichota katika Thames hiyo hiyo.

Kipindupindu kikaingia. Mwaka 1848 na 1849 kiliua watu 14,000 hivi katika London, na mwaka 1853 na 1854 kikaua 10,000 wengine. Madaktari wengi wa siku zile waliamini kwamba ugonjwa huletwa na harufu mbaya. Daktari mmoja, John Snow, alisema la, unakuja katika maji ya kunywa. Mwaka 1854 alikwenda nyumba kwa nyumba katika mtaa wa Soho akiuliza nani amekufa na alikuwa akichota maji wapi, akaona kwamba vifo vilikizunguka kisima kimoja chenye pampu. Akawaomba wakubwa wa mtaa wauondoe mpini wa pampu ile, nao wakauondoa. Ni kazi ambayo karani yeyote mwenye daftari na subira angaliweza kuifanya. Snow alikuwa wa kwanza kuona kwamba inafaa kufanywa.

Mwaka uliofuata mtaalamu mkubwa wa umeme, Michael Faraday, alikuwa akisafiri kwa mashua katika Thames. Alichana kadi nyeupe vipande vipande, akavilowesha, akavitupa majini kila mashua ilipofika gatini. Kipande hakikuzama hata inchi moja kabla hakijapotea machoni. Akaandika barua katika gazeti kuueleza umma jambo hilo. Watu waliisoma, wakasikitika, na mambo yakabaki vile vile.

Yaliyowaamsha wakubwa ni pua zao wenyewe. Katika Juni na Julai 1858 joto lilizidi, mto ukapungua, na uvundo ukapanda mpaka ndani ya Bunge. Mapazia ya madirisha yalichovywa katika dawa ya chokaa, haikusaidia. Wabunge walikimbia vyumba vya upande wa mto wakiwa na leso puani. Sheria ya kutoa fedha za kusafisha mto, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa ikipelekwa huku na huku kutoka meza hata meza, ilipitishwa kwa siku 18. Yafaa kuona kwamba vifo vya maskini maelfu havikuwa vimeweza kufanya hivyo.

NJIA ILIZALIWA NA BOMBA

Kazi alipewa Joseph Bazalgette, injinia mkuu wa halmashauri ya mji. Shauri lake lilikuwa rahisi kulieleza na gumu kulitenda. Mifereji yote ya London ilielekea mtoni. Basi yeye angejenga mifereji mingine mikubwa, inayokwenda sambamba na mto kutoka magharibi kwenda mashariki, ili ikatize ile ya zamani na kuupokea uchafu kabla haujafika majini. Maili 82 za mifereji mikubwa ya matofali, kwa mteremko wa futi mbili tu kwa kila maili, na mahali mteremko ulipokwisha, mitambo ya mvuke iliyainua maji juu ili yateremke tena. Matofali yaliyotumika yalihesabiwa kuwa milioni 318.

Mfereji wa chini kabisa wa upande wa kaskazini ulimsumbua, kwa kuwa haukuwa na mahali pa kupita. Kuuchimbia chini ya barabara ya Strand kungaliifunga barabara iliyojaa magari ya farasi na maduka kuliko zote. Bazalgette akageukia mto wenyewe. Alijenga ukuta ndani ya maji, mbali na ufuko, na nyuma ya ukuta akaweka mfereji wake, na juu ya mfereji njia ya mabomba ya gesi na maji safi, na kando yake reli ya chini ya ardhi; kisha akafukia yote kwa udongo, na juu ya udongo akatengeneza barabara, njia ya miguu na bustani. Kazi ilianza mwaka 1864, na tarehe 13 Julai 1870 mtoto wa Malkia aliifungua. Eka 37 za nchi kavu zilikuwa zimepatikana mahali palipokuwa tope.

Hivyo njia ile nzuri si kitu kilichotafutwa kwa ajili ya matembezi. Ni mfuniko. Bomba ndilo lililokuja kwanza, na watu wakapewa mahali pa kutembea juu ya kifuniko chake.

Aliye na shaka na aende akatazame lango moja la mawe lililojengwa mwaka 1626, ambalo zamani bwana mkubwa alishukia hapo kuingia mashuani. Leo lango hilo limesimama ndani ya bustani, na kutoka ngazi zake mpaka majini ni mwendo wa yadi 150 hivi.

Ugomvi haukukosekana. Wenye magati ya makaa ya mawe kando ya mto walidai wanaharibiwa biashara, ikabidi walipwe fidia. Fedha za kazi zilitoka katika ushuru wa makaa na mvinyo, hata mjane aliyenunua makaa ya senti chache alichangia. Na ardhi mpya ilipopatikana, wakatokea wa kuitaka. Serikali ya Bwana Gladstone ilitaka kujenga ofisi juu ya sehemu yake ili ipate kodi. Mbunge mmoja, W. H. Smith, ambaye alikuwa muuza magazeti na vitabu, alisimama akasema kwamba ardhi iliyopatikana kwa fedha za watu wa London ni ya watu wa London, na wapewe bustani. Mabishano yaliendelea miaka kadhaa. Bustani zikabaki.

Msomaji wa Nyeri akisoma habari hizo atamkumbuka mama mmoja wa kwao. Wangari Maathai, aliyezaliwa Ihithe mwaka 1940, alisikia mwaka 1989 kwamba jengo la ghorofa 60 litajengwa ndani ya Uhuru Park katika Nairobi. Hakuwa mbunge wala mwenye mali. Aliandika barua: kwa wakubwa wa Serikali, kwa wenye jengo, kwa mabalozi, kwa magazeti. Alitukanwa hata ndani ya Bunge. Lakini waliotazamiwa kutoa fedha walirudi nyuma, na jengo halikujengwa. Mwaka 2004 alipewa tuzo ya amani ya Nobel. Watu wa Nairobi waliolala majanini siku ya Jumapili katika Uhuru Park, wengi wao hawakujua kwamba walilala hapo kwa sababu ya barua za mwanamke wa Tetu.

WALIO CHINI YA MTO

Mwandishi wa sifa tupu angekomea hapo, lakini habari za London zina upande mwingine. Mifereji ya Bazalgette haikuuondoa uchafu duniani. Iliuhamisha tu, ikaumwaga katika mto ule ule, maili nyingi mashariki ya mji, ili maji yakipwa yauchukue baharini. Watu wa Westminster walipumua. Wa chini hawakuulizwa.

Jioni ya tarehe 3 Septemba 1878 meli ya matembezi iitwayo Princess Alice ilikuwa ikirudi London, imejaa wazazi na watoto waliotoka kwenda kupunga hewa. Karibu na mahali mifereji inapofungukia iligongana na meli kubwa ya makaa, ikavunjika, ikazama kwa dakika chache. Uchafu wa mji ulikuwa umetoka kumwagwa mtoni muda mfupi kabla ya hapo. Watu zaidi ya 600 walikufa, na walioopolewa walisimulia juu ya maji waliyoyameza. Baada ya hapo, na baada ya malalamiko ya miaka mingine, ndipo halmashauri ilipoanza kuutenga uchafu mzito na kuupeleka bahari kuu kwa meli, tangu mwaka 1887. Hata hivyo mji uliendelea kukua, na mwaka 1957 wataalamu walitangaza kwamba sehemu ya Thames ipitayo London imekufa, haina samaki. Mitambo ya kusafisha ikajengwa upya, na mwaka 1974 samaki aina ya salmoni alipatikana tena humo. Kazi haijaisha: handaki jipya la maili 15 na nusu, chini kabisa ya mto, liliunganishwa lote mwaka 2025, kwa kuwa mifereji ya Bazalgette ilikuwa imezidiwa.

MAJI BARIDI YA NAIROBI

Mto Nairobi huanzia katika kinamasi cha Ondiri, karibu na mji wa Kikuyu. Ni mto mdogo. Mvulana hodari aweza kuuruka mahali pengine. (Usichanganywe na mto mwingine wenye jina hilo hilo, uliomo katika Nyeri yenyewe, unaotoka Mlima Kenya.) Wamasai walipaita mahali pale Enkare Nyirobi, yaani maji baridi, na maji hayo ndiyo yaliyowavuta wenye reli kupiga kambi hapo mwezi wa Mei 1899, kabla ya kuupanda ukuta wa Bonde la Ufa.

Miaka mitatu haikupita kabla tauni haijaingia katika maduka yaliyosongamana karibu na tope la mto, na mwaka 1902 mtaa mzima wa maduka ukachomwa moto kwa amri ya wakubwa. Somo lilikuwepo tangu hapo. Katika hesabu ya mwaka 1948 mji ulikuwa na watu 119,000 hivi. Katika hesabu ya mwaka 2019 walikuwa 4,397,073. Mabomba ya maji machafu yalifuata nyuma, polepole. Yapo, na mabwawa makubwa ya kusafishia yapo Ruai; lakini mitaa mingi haikuunganishwa, na mahali pengine mabomba yameziba au yamepasuka. Maji ya vyoo, mafuta ya karakana, damu ya machinjio na takataka za masoko hushuka mtoni. Rangi ya maji ikawa nyeusi.

Waziri wa Mazingira John Michuki ndiye aliyeingia katika jambo hilo kwa nguvu, tangu mwaka 2008. Wengi wanamkumbuka zaidi kwa sheria za matatu za mwaka 2004, mikanda ya viti na mstari wa manjano. Na wazee wa Nyeri wanamkumbuka alipokuwa Mkuu wa Wilaya yao wakati wa uhuru. Alikuwa mtu wa amri fupi. Kati ya Museum Hill na mzunguko wa Globe, mahali ambapo palikuwa jalala na maficho ya wezi, takataka zilizolewa, kingo zikasawazishwa, miti na nyasi zikapandwa. Watu wakaanza kuketi hapo, jambo ambalo lilikuwa mzaha kulisema. Alipofariki mwezi wa Februari 2012 bustani ikapewa jina lake. Kisha ikapuuzwa, nyasi zikakua na takataka zikarudi. Mwaka 2020 ikatengenezwa tena, ikapata njia za miguu na viti.

Leo mtu aweza kutembea hapo chini ya miti, ndege wakilia. Lakini akikaribia ukingo hunusa, na akitazama huona kwamba maji si yale ya Ondiri. Michuki alianza na kile ambacho waziri aweza kukimaliza katika muda wake, na hakuna haki ya kumlaumu. Bazalgette alikuwa na bomba, naye akatafuta mfuniko. Nairobi ina mfuniko mzuri uliosubiri bomba.

Katika Aprili na Mei 2024 mto huo na ndugu zake, Mathare na Ngong, ilidai nafasi yake. Mvua kubwa zilijaza mabonde usiku, na nyumba za mabati zilizojengwa kando ya maji zikachukuliwa pamoja na waliolala ndani. Katika nchi nzima watu zaidi ya 200 walikufa. Serikali ikaamuru wote waliojenga karibu na mito waondoke, na matingatinga yakaingia Mathare na Mukuru. Ni kweli kwamba mahali pale hapakufaa kulala mtu. Ni kweli vile vile kwamba mwenye nyumba ya mabati alihamishwa kwa muda wa siku chache, na wengi hawakujua waende wapi na watoto wao. Majengo ya matajiri yaliyokalia kingo za mito nayo yalikuwa yamewahi kubomolewa, mwaka 2018, lakini si yote. Mwaka 2025 Serikali ilitangaza mpango mpya wa mabilioni ya shilingi, na mara hii yametajwa mabomba makubwa ya maji machafu pamoja na njia za matembezi. Ikiwa mabomba yatatangulia, na kama yatatumwa mpaka mitaani na si kuishia penye kuonekana, watu wa Malindi watajua kabla ya watu wa Nairobi: kwa maana maji haya huingia katika Mto Athi, nao huitwa Galana, kisha Sabaki, ukaingia baharini karibu na Malindi. Wapo wanaoyachota njiani.

MTO HONI NA SAFU KUMI ZA KABICHI

Mweiga haina handaki wala nguzo ya Misri. Maji ya Honi hayaendi Nairobi wala Malindi. Yanaingia katika Sagana, yaani Tana, yakafika katika ziwa la Masinga lililojengwa mwaka 1981, na baada ya hapo yanazungusha mitambo ya umeme katika mabwawa yanayofuatana mpaka Kiambere. Mtu wa Mweiga awashaye taa jioni hutumia, kwa sehemu yake, maji aliyoyaona yakipita asubuhi. Lakini pamoja na maji hushuka udongo. Mvua ya Aprili ikipiga shamba lililolimwa mpaka ukingoni, mto hugeuka rangi ya chai ya maziwa, na rangi hiyo ni shamba lenyewe linalosafiri. Masinga limepoteza nafasi kubwa kwa sababu ya udongo huo. Na dawa za wadudu zinyunyizwazo juu ya nyanya na vitunguu hufuata njia hiyo hiyo mpaka kwenye ndoo ya jirani wa chini.

Kanuni za maji za mwaka 2007 zilisema kwamba ukingo uachwe bila kulimwa, kwa upana usiopungua meta sita kila upande, na mto ukiwa mpana ukingo uongezeke kulingana nao mpaka meta 30. Kanuni ni fupi, tena ni nyepesi kuisoma ofisini. Mkulima mwenye nusu eka akizipima meta hizo sita atakuta ndani yake safu kumi za kabichi, zilizo karibu na maji kuliko zote na zenye kukua vizuri kuliko zote. Safu hizo ni karo ya mtoto mmoja. Hapa ndipo panapouma, na maofisa waendao kuhubiri juu ya kanuni hiyo wangesikilizwa zaidi kama wangeanza kwa kukubali kwamba panauma.

Wako walioliona jambo hilo. Mwaka 2015 ulianzishwa mfuko wa maji wa Tana ya juu, ambamo watumiao maji na umeme huko chini, pamoja na makampuni, huchangia ili wakulima wa juu wasaidiwe kuchimba matuta, kupanda miti na majani, na kutengeneza visima vya kukingia mvua. Katika Nyeri kazi hiyo ilianzia upande wa Sagana na Gura. Ni mara chache katika habari za mito kwamba wa chini huwakumbuka wa juu kwa fedha badala ya malalamiko.

Pengine wakulima wenyewe wamepata njia ya katikati. Hupanda majani ya ng'ombe katika zile safu kumi, yale marefu yaitwayo napier, wakiyakata na kuyabeba nyumbani bila kung'oa mizizi. Mizizi huushika udongo, ng'ombe hula, maziwa hupelekwa mahali pa kukusanyia asubuhi. Si sawa na kabichi kwa bei. Wenye magati wa London walilipwa fidia kwa kila yadi waliyoiacha, na hesabu zao zilifanywa na mawakili. Mkulima wa Honi hujifanyia hesabu mwenyewe, akisimama ukingoni na panga mkononi, akitazama hapa safu zake na pale maji.